Maswali Yenu: Dagaa wa Ijumaa, Kambale na Wake Wawili

Tangu makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa letu, yaishe simu yangu haipumui, kila mtu ana swali kuhusu Wasabato, na nusu ya wanaouliza sio Wasabato, ni majirani zao, wapangaji wao na wakwe zao. Sawa, karibuni wote. Mimi ni mzee wa kanisa tu sio mchungaji, kwa hiyo hapa nasema kilichoandikwa kwenye Imani za Msingi 28 na kwenye Mwongozo wa Kanisa, na pale nitakapoweka la kwangu nitasema ni langu. Nasisitiza hivyo kwa sababu huku kanda ya ziwa tuna ugonjwa wetu, mzee mmoja akiongea kwa ukali mimbarani leo, baada ya miaka miwili watu wanaapa kabisa kwamba "kanisa limekataza".

Shikamoo mzee. Nina mtumbwi wa dagaa hapa Igombe, mimi ni Msabato ila vijana wangu sio. Ijumaa giza likiwa zuri wanataka kuingia ziwani, nikiwakatalia wanahamia kwa tajiri mwingine. Je mtumbwi ukienda mimi nikiwa kanisani nina kosa? Na dagaa wakiwa mchangani Jumamosi mvua ikaja, niwaache waoze?

Marahaba mwanangu. La kwanza halina kona, ingawa najua ungependa liwe nayo. Soma Kutoka 20:10 polepole, amri haijasema wewe tu, imetaja mtumwa wako, mnyama wako, mpaka mgeni aliye ndani ya malango yako. Mtumbwi ni wako, nyavu zako, taa zako, mafuta umenunua wewe, halafu asubuhi mgao unakuja kwako, sasa hapo umepumzika nini zaidi ya mwili? Msimamo wa kanisa ni kwamba Sabato inaanza jua likizama Ijumaa inaisha likizama Jumamosi, na kumfanyisha mwingine kazi yako saa hizo ni kazi yako.

Ila sikuachi hapo maana najua njaa haisikii mahubiri. Dagaa wanavuliwa kwa giza, mbalamwezi ikiwaka sana watu wanapandisha mitumbwi na kushona nyavu, kwa hiyo kila mwezi tayari mna siku ambazo hamuingii na hakuna kijana anayekuhama kwa ajili ya mwezi. Kaa nao mapema kabla hamjaanza giza, waambie Ijumaa mtumbwi huu hauingii, na uwaongezee kidogo kwenye mgao wa siku nyingine. Nimeona tajiri anafanya hivyo na vijana wamebaki, japo mmoja mmoja ataondoka, sitakudanganya.

La mvua sasa. Hakuna karatasi yoyote ya kanisa inayozungumzia dagaa, na ukiambiwa ipo omba uione. Kuna Luka 14:5, Yesu anauliza ni nani ng'ombe wake akitumbukia kisimani asimtoe siku ya sabato. La kwangu ni hili, wingu likija ghafla Jumamosi mchana kuwafunika dagaa turubai au kuwaanua kidogo wasiloe sioni uasi hapo, wala usimsikilize anayekuhesabia hatua. Lakini ikiwa unaanika Ijumaa saa 9 mchana katikati ya masika, wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, ndugu yangu hapo hamna dharura, hapo kuna ratiba mbaya. Tengeneza chanja, dagaa wa Alhamisi usiku wapande juu Ijumaa asubuhi, na kabla jua halijashuka turubai liwe limeshakaa. Ijumaa, siku ya maandalio, iliwekwa kwa kazi hiyo.

Halafu kitu kimoja nitupie humu humu, acheni kutumia saa za machweo za Dar mnazorushiana kwenye simu. Jua la Dar linatangulia kuzama letu kwa dakika 20 na kitu. Mwanza linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika kadhaa kutegemea mwezi, toka nje uangalie ziwa utaliona lenyewe.

Mimi ni mamalishe Mwaloni Kirumba, nakaanga sato, sangara na kambale. Wateja wangu Wasabato wanasema hawali kambale sawa, lakini sasa wanakataa hata sato wangu eti mafuta ni yale yale. Pia kamongo mbona mnasema hana magamba wakati mimi ninayemchuna nayaona?

Mama umeuliza swali ambalo wachungaji wengi wanalikwepa. Msingi ni Walawi 11, kuanzia mstari wa 9, na Kumbukumbu la Torati 14. Samaki wa kuliwa awe na mapezi na magamba, vyote viwili. Sato anavyo, sangara anavyo, dagaa anavyo hata kama ni vidogo, furu na ningu nao wamo. Kambale, au mumi kama tunavyomwita, ni ngozi tupu na sharubu, hana hata gamba moja. Gogogo naye hana. Imani ya 22 inasema tujiepushe na vyakula najisi vilivyotajwa kwenye Maandiko, na mtu anaahidi hivyo siku ya ubatizo.

Kamongo ndiye mgomvi. Uko sahihi mama, ana magamba, madogo laini yamezama kwenye ngozi na ute juu yake, wataalamu wa samaki wanakubali hivyo, na mapezi yake ni kama nyuzi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa hana, na kanisa halijawahi kukaa kikao likapiga mstari samaki kwa samaki wa ziwa Victoria. Mimi simli, maana nikila lazima nikae nimweleze kila mtoto pale nyumbani habari za magamba yaliyojificha, lakini siwezi kusimama nikamwita mwenzangu mwasi kwa sababu ya kamongo wakati mimi mwenyewe sijui hoja yangu itaishia wapi.

Mafuta je? Mteja ana haki mama, wala usinune. Anayejiepusha na kambale hataki ladha yake kwenye sato. Weka karai la pili dogo, la sato peke yake, uone kama Jumapili hawajapanga foleni. Hiyo sio dini ni biashara.

Na yule kijana wa Kayenze aliyeuliza kama anaweza kufuga vitoto vya kambale auze chambo cha ndoana za sangara: ahadi ya ubatizo kuhusu pombe na tumbaku inataja kutumia, kutengeneza na kuuza. Kuhusu vyakula najisi inasema kujiepusha tu, na kwenye orodha ya makosa ya kumwondoa mtu ushirika kambale hayumo. Kumfuga awe chambo hata sio kumlisha mtu. Fuga. Watakaokusema wapo, wengine wao wanakula sangara aliyenaswa kwa chambo hicho hicho.

Ni kweli Msabato akinywa chai ya rangi anafutwa ushirika?

Hapana. Ellen White, mama mwandishi aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, aliandika kwa ukali dhidi ya chai na kahawa na kanisa mpaka leo linashauri watu waachane na kafeini, na ni ushauri mzuri, lakini ushauri ni ushauri. Pombe, tumbaku na madawa ya kulevya ndio yenye sharti. Kinachonichekesha ni bodaboda wetu wa kikundi cha vijana, anamkemea bibi kwa kikombe cha chai huku ana chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu mfukoni, hiyo chupa imejaa kafeini kaka! Mchaichai hauna, kunyweni.

Mzee, baba yangu yuko Magu ana wake wawili, mama yangu ndiye mdogo. Amehudhuria mahubiri anataka kubatizwa, wazee wamemwambia amwache mama. Sisi tuko watano. Hii ni haki kweli?

Mwanangu swali lako nimelala nalo. Nianze na kilichoandikwa. Kwa mwaka 1930 kanisa lilikuwa na utaratibu uliolegea kidogo kwa watu waliokutwa na injili wakiwa tayari na wake wengi, halafu mwaka 1941 Konferensi Kuu, chombo cha juu cha kanisa duniani, ikakaza, mwanaume abaki na mke mmoja ndipo abatizwe. Msimamo ndio huo hadi sasa na baraza la kanisa huko Magu haliwezi kuubadilisha, kwa hiyo wazee hawakumtungia baba yako.

Ila uamuzi huo huo wa 1941 una sehemu ambayo haisomwi kwa sauti. Unasema mwanaume anayewaacha wake ategemewe kuwawekea mahitaji yao ya baadaye pamoja na watoto. Sasa niambie, wazee walipomwambia baba amwache mama, walimuuliza mama atalala wapi? Walihesabu shamba la mpunga ni la nani, ng'ombe wangapi wanabaki kwenye zizi la mama, ada ya yule wa sekondari analipa nani? Mimi nasema, na hili ni langu, baraza lisilokaa na mama mwenyewe na watu wa upande wake kabla ya kupanga tarehe ya ubatizo limefanya nusu ya kazi na nusu hiyo ni ile rahisi. Usukumani mwanamke aliyerudishwa kwao hana maelezo ya kutosha, watu wanasema kaachwa tu.

Mwambie baba asikimbilie maji. Anaweza kuhudhuria, kusoma lesoni, kutoa sadaka, kuomba, hakuna anayemfungia mlango, wazee wengi wamekaa hivyo miaka mingi. Aite mchungaji wa mtaa, sio wazee peke yao, na mambo ya nyumba, shamba na mifugo yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji. Mama yako akikubali kwa moyo wake ni jambo moja, akiburuzwa ni jingine. Na nyie watano ni watoto wa baba yenu kabla na baada ya maji.

Nasoma theolojia, ni binti. Kwa nini siwezi kuwekewa mikono niwe mchungaji kamili kama wenzangu wa kiume?

Kwa sababu ya kura. Julai 2015 kule San Antonio, Texas, wajumbe wa Konferensi Kuu waliulizwa kama kila divisheni, yaani kanda kubwa ya kanisa duniani, iruhusiwe kuamua yenyewe kuhusu kuwawekea wanawake mikono, wakasema hapana 1,381, ndiyo 977. Hoja ya wanawake ilishakwama 1990 na 1995. Uzee wa kanisa kwa wanawake uko wazi pale divisheni inapokubali, na kuhubiri, kufundisha, uchaplensia wa shule na hospitali utafanya. Sisi ambao kila juma tunanukuu maandishi ya Ellen White, mama wa karne ya 19, kuhusu kila kitu mpaka mboga, tunapata kigugumizi mama wa leo akisimama mimbarani, na mimi hilo sijawahi kulielewa. Soma binti, 977 sio wachache.

Wasabato mnaamini nyie tu ndio mtaokoka?

Hapana. Imani ya 13 inaanza kwa kusema kanisa la ulimwengu wote ni wote wamwaminio Kristo kweli. Aliyekuambia vingine alikuwa na hasira zake.

Mchumba wangu ni Msabato wa Sengerema, mimi Mkatoliki ninayejiandaa kubatizwa. Nataka pete ya ndoa, mama mkwe hataki kuisikia.

Kanisa linafundisha kujipamba kwa kiasi, na kwa hereni na mikufu utapata upinzani wa kweli. Pete ya ndoa imewekewa maneno yake kwenye Mwongozo, kwamba kwenye nchi ambako watu wanaihesabu kama alama ya uaminifu wa ndoa na sio pambo, kanisa haliilaani. Je Tanzania ni nchi ya namna hiyo? Ukiuliza hapa mjini Buzuruga utaambiwa ndiyo, ukiuliza kwa mama mkwe utaambiwa hapana, na wewe ndoa yako itakuwa karibu zaidi na mama mkwe. Kaeni na mchumba, muende wawili kwa mchungaji atakayewafungisha, muulize kama ibada yake ina kipengele cha pete au cha kupeana Biblia, maana wapo wasioweka kabisa. Fanyeni hivyo kabla ya kulipia, sonara akishachonga jina ndani harudishi hela.