Bolti iliyokatikia kwenye silinda hedi
Ndugu, kwa kuwa umesema kipande cha bolti ya manifoldi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi wa injini) bado kinachomoza nje ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, usikimbilie drili. Kiloweshe kwa mafuta ya kulegeza kutu na ukiache hadi kesho yake, kisha umwite fundi wa kuchomelea, ambaye hapa Dodoma hakosekani, akivishe nati na kuichomelea kwa ndani baada ya kufungua waya wa betri; joto lile ndilo hasa linaloachanisha kutu, hivyo ngoja ipoe kidogo, halafu izungushe kwa spana mbele na nyuma, taratibu, bila kuikurupusha.

Kama kingekatikia usawa wa hedi, ungelazimika kupiga alama katikati kabisa kwa panchi (chuma chenye ncha cha kutia alama) na kuanza na biti ya drili ya milimita 3, kwa sababu alumini ya hedi ni laini kuliko chuma cha bolti, na biti ikiteleza huila hedi. Kile king'oleo chenye meno ya kinyume, kinachopenyezwa kwenye tundu lililotobolewa ili kutoa kipande, sikipendi: ni kigumu lakini huvunjika upesi, na kikikatikia ndani, drili ya kawaida haikitoboi.