Kwa nini Charlie anachanganyikiwa?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimeangalia filamu ya The Perks of Being a Wallflower na binti yangu wa miaka 15. Alilia, akajifungia chumbani. Mimi sikuelewa: kijana Charlie anampenda sana marehemu shangazi yake Helen, halafu ghafla akili inamruka. Kulikoni? – Mzazi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nami mara ya kwanza nilipitwa, nilikuwa nachambua mchicha. Kwanza Helen si shangazi. Riwaya ya 1999 inasema ni ndugu wa mama yake Charlie. Kwetu huyo ni mama kabisa, na ndipo jambo linapouma. Alimdhalilisha mtoto kingono, kisha akafa kwa ajali ya gari akienda kumnunulia zawadi ya siku ya kuzaliwa. Charlie akabaki na hatia, siri akaifukia. Inafumuka Sam, msichana anayempenda, anapomgusa kwa mapenzi.

Stephen Chbosky aliandika riwaya, kisha akaiongoza filamu mwenyewe, 2012, huko Pittsburgh. Mimi hunikamata pale handakini, Sam amesimama nyuma ya pikapu, upepo unampiga. Mtoto aliyekosa wa kula naye mchana sasa ana watu wake! Patrick, kaka wa kambo wa Sam, peke yake anatosha kukufanya urudie.

Binti usimhoji kama polisi. Mkiwa mnakuna nazi, muulize alimpenda nani zaidi. Akikutajia lililompata yeye, mwamini, usipige kelele, na piga simu 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.