Kabla hujaandika "tungamo hasi" kwenye rasimu yako ya plazima

Nawaandikia ninyi mnaoanza na mliokwisha kuipenda mada hii ya tungamo hasi (tungamo lenye alama ya kutoa) ndani ya plazima, gesi ya chembe zenye chaji, kabla hata ya kumaliza sumaku-umeme ya mwaka wa pili. Hamjakosea kuipenda. Rasimu za namna hii nimezisoma nyingi, na karibu zote hujikwaa kwenye mstari uleule: mwandishi anapindua alama ya m, yaani tungamo, kwenye programu yake ya kuigiza mwendo wa chembe, chembe inageuka upande wa pili, naye anatangaza kwamba ameona tungamo hasi.

Hebu andika mlinganyo wa mwendo wa chembe yenye chaji ndani ya uga wa umeme na uga wa sumaku. Mchapuko ni q/m mara (E + v×B), ambapo q ni chaji, v ni kasi, E ni uga wa umeme na B ni uga wa sumaku. Angalia vizuri: q na m haziachani. Elektroni yenye tungamo hasi itapita njia ileile ya positroni ya kawaida (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), hatua kwa hatua. Chukua elektroni ya nishati ya eV (elektronivolti) 1000, iende kwa pembemraba na uga wa sumaku wa tesla 0.01. Itazunguka duara la nusukipenyo cha sentimita 1 hivi. Pindua alama ya m: duara ni lilelile, linazungukwa kinyume. Pindua alama ya q badala yake: picha ni hiyohiyo. Ukiletewa mchoro wa njia peke yake, huna namna ya kujua kilichopinduliwa ni kipi. Mwanafizikia J. J. Thomson mwenyewe, alipochunguza miale ya kathodi (mkondo wa elektroni) mwaka 1897, alichopata kwenye mkunjo wa njia ni uwiano wa chaji na tungamo.

Sasa tofauti iko wapi? Iko kwenye msuguano. Nishati ya mwendo ni nusu ya m mara v mraba, kwa hiyo m ikiwa hasi nishati nayo ni hasi, na kani inayopinga mwendo itaiongezea chembe kasi. Ikigongana na gesi, inakimbia zaidi. Mwanafizikia Paul Dirac alikutana na viumbe wa aina hii kwenye mlinganyo wake wa 1928, wenye nishati hasi, na mwenzake George Gamow akawapachika jina la elektroni punda, maana ukiwasukuma mbele wanakwenda nyuma. Carl Anderson alipoinasa positroni mwaka 1932, alikuwa ameweka bamba la metali ya risasi la milimita 6 ndani ya chemba ya mawingu, chombo kinachoonyesha njia za chembe, na njia ilijikunja zaidi upande mmoja wa bamba. Akahitimisha kwamba chembe ilielekea huko kwa sababu imepungukiwa nishati. Hitimisho hilo lenyewe (hili huwa nawaachia wanafunzi walitafune) linategemea kwamba tungamo ni chanya.

Jingine: useme ni tungamo lipi. Mwanafizikia Hermann Bondi, kwenye makala yake ya 1957 kuhusu tungamo hasi, alitenganisha matatu: linalokataa kuchapuka, linalovutwa na graviti, na linalovuta wengine. Wengi wenu mnayachanganya ndani ya aya moja. Hilo la tatu kwenye plazima ya maabara lisahau kabisa. Kati ya elektroni mbili, kani ya umeme inaishinda graviti kwa zaidi ya mara 10⁴².

Kuna pia tungamo hasi la kujifanya, na hapa ndipo penye kazi ya kweli. Ndani ya mashine ya duara ya kuchapua protoni, ukivuka kiwango fulani cha nishati, protoni iliyosukumwa mbele hupanuka njia, duara lake likawa refu, ikachelewa nyuma ya wenzake. Chembe zinazosukumana kwa chaji zinaanza kujikusanya mafungu. Tatizo hili lilielezwa mwaka 1959 na likaitwa rasmi msukosuko wa tungamo hasi, ingawa kila protoni pale ina tungamo lake la kawaida. Mwaka huohuo, kwenye maabara ya CERN huko Ulaya, mashine mpya ya protoni haikuweza kuvuka kiwango hicho mpaka Wolfgang Schnell alipounda saketi ya kurekebisha awamu (mpangilio wa wakati wa mawimbi yanayosukuma protoni) na kugeuza alama ya marekebisho wakati wa kuvuka. Aliifungia ndani ya kopo la Nescafé. Mtu akikuuliza fizikia ya tungamo hasi inalisha nani, mwambie hii.

Kwa programu yako, basi: ongeza mgongano. Chembe ikianza kukimbia bila kikomo, usidhani moja kwa moja kwamba umekosea hesabu, kwa kuwa jozi ya Bondi, yaani chembe mbili, moja ya tungamo chanya na moja ya tungamo hasi, hukimbizana milele huku jumla ya nishati ikibaki sufuri. Jumlisha nishati ya chembe zote pamoja na ya uga kila baada ya hatua kadhaa. Ikipanda au kushuka, punguza ukubwa wa hatua ya muda na urudie. Ikitulia, weka grafu hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa rasimu, kabla ya picha za njia.