Maswali ya Wasomaji: Lori la Kale kwa Kipimo cha 1/35

Barua nyingi za safari hii zinahusu Ford AA, lori la tani moja na nusu la miaka ya 1920 mwishoni, na ndugu yake wa Kisovieti GAZ-AA, aliyeundwa kwa leseni ya Ford. Kwa modeli za plastiki za kipimo cha 1/35, yaani lori halisi lililopunguzwa mara 35, magari haya ni karibu kitu kimoja, kwa hiyo majibu ya upande wa chini na injini yanafaa kote kuwili.

Nimefuata maelekezo yote, lakini gurudumu moja la mbele linaning'inia kama nusu milimita juu ya meza. Nijazie gundi chini ya ekseli?

Usijazie chochote kabla ya kujua kasoro iko wapi. Weka rula moja ya chuma kukingama juu ya mihimili ya chesi upande wa mbele na nyingine upande wa nyuma, kisha chungulia kutoka mbele. Rula zikienda sambamba, chesi ni nzima na mkosaji ni springi. Lori hili halina springi mbili za mbele: lina moja tu, imelala kukingama juu ya ekseli. Ukiigandisha imeinama kidogo, gurudumu la upande mmoja lazima lipae. Pitisha wembe kwenye kiungo, ibandue, uirudishe lori likiwa limesimama kwa magurudumu yote juu ya kioo.

Rula zikipishana, chesi imejipinda. Gundi ya plastiki haishiki kama gamu. Inayeyusha plastiki, na kiungo hubaki laini kwa saa nyingi. Chesi iliyoshikwa mkononi wakati huo hukauka na msokoto wa vidole vyako. Kama bado haijapakwa rangi, itumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde kumi na tano hivi, isokote kuelekea upande wa pili, ipitilize kidogo, kisha itie kwenye maji baridi ukiwa bado umeishikilia. Modeli ijayo, unga chesi juu ya kioo, pima kona kwa kona (vipimo viwili vya mshazari lazima vilingane), na uiache usiku mzima kabla ya kugusa springi.

Nina waya wa shaba wa milimita 0.3. Nipitishe wapi mabomba ya breki, waya nne za plagi na bomba la pampu ya mafuta?

Mabomba ya breki usipitishe popote. Breki za AA huvutwa kwa fito za chuma; Ford alihamia breki za maji (haidroliki), zinazohitaji mabomba, mwaka 1939. Waya wako katika 1/35 ni sawa na fito ya milimita 10.5, na kwa jicho inakubalika. Unyooshe kwa kuubiringisha kati ya kioo na rula ya chuma, kwa sababu fito iliyopinda inasaliti kazi nzima kuliko fito iliyokosekana.

Waya za plagi nazo hazipo. Distributa (kigawanya umeme wa plagi) ya injini hii imekaa juu katikati, na umeme unakwenda kwenye kila plagi kwa ukanda mfupi wa metali. Kata vipande vinne vyembamba vya karatasi ya aluminiamu, vipake rangi ya shaba iliyofifia, na uvipinde kidogo. Waya mnene ni mmoja tu, unaotoka kwenye koili hadi katikati ya kifuniko cha distributa. Tumia wa milimita 0.2, huo wa 0.3 utaonekana kama mpira wa kumwagilia bustani.

Pampu pia isahau. Tangi liko mbele ya kioo cha dereva, na mafuta hushuka yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye kabureta, upande wa kulia wa injini. Bomba moja, basi.

Modeli niliyoimaliza miezi kadhaa iliyopita imeanza kuyeyuka kwenye ringi, pale tairi zinapogusa. Nilikosea rangi?

Hapana, ni tairi zenyewe. Tairi laini za vinili zina kilainishi kinachojipenyeza polepole hadi kwenye plastiki ngumu na kuila. Rangi inachelewesha tu. Zungushia mfereji wa ringi tepu nyeupe ya fundi bomba, tabaka moja, kabla ya kuvalisha tairi. Ringi zilizoharibika zikwangue hadi plastiki ngumu, ziba, upake upya. Na kama kibao cha kuonyeshea ni cha plastiki, tairi zitakila nacho.

Kutu yangu inaonekana kama uji wa kahawia uliomwagikia lori. Nifanyeje ionekane ya kweli?

Kwanza punguza. Kutu huanza maji yanapotuama: kona za chini za kebini, mikunjo ya madigadi, mbavu za ngazi ya mlango, na ekzosi yote. Paa la kebini hupauka tu. Mbao za bodi hazishiki kutu kabisa. Kinachoonekana ni michirizi mifupi chini ya vichwa vya bolti.

Kwa rangi iliyobanduka, tumia sprei ya nywele. Paka kahawia ya kutu, ifunike kwa vanishi, subiri ikauke kabisa. Puliza sprei mara mbili, nyepesi. Baada ya nusu saa, puliza rangi ya lori: akriliki iliyochanganywa na maji, tabaka jembamba. Akriliki iliyopunguzwa kwa alkoholi itayeyusha sprei kabla hujaanza. Ikikauka kwa kugusa, lowesha sehemu ndogo kwa brashi, hesabu hadi thelathini, kisha sugua kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Mikwaruzo midogo ichore kwa kijiti cha meno. Rangi ikibanduka kwa mabamba, sprei ilikuwa nzito au maji yalikaa mno. Isipobanduka, uliipaka nene au umeiacha siku nyingi. Ukimaliza, funika kwa vanishi, la sivyo kidole chenye jasho kitaendeleza kazi bila ruhusa yako.

Angalia ukubwa wa kovu. Doa la milimita 1 hapa ni sentimita 3.5 kwenye lori halisi, yaani upana wa vidole viwili. Madoa kumi ya namna hiyo kwenye mlango mmoja ni lori lililopigwa mawe.

Mbao: ubao wa sentimita 15 unakuwa milimita 4.3. Kwaruza nyuzi kwa brashi ya waya kwa urefu wa ubao, paka kijivu, na weka kahawia ya mbao mbichi pale tu mizigo inapoburutwa, yaani katikati na karibu na mlango wa nyuma.

Vioo vya kebini vimeingia ukungu mweupe.

Ni mvuke wa supaglu. Mara nyingi ukungu uko juujuu, kwa hiyo sugua kwa dawa ya meno na pamba, kisha chovya kioo kwenye vanishi ya akriliki inayong'aa. Kibandike tena kwa gundi nyeupe ya mbao. Kama kebini imeunganishwa kwa supaglu, iache wazi siku nzima kabla ya kutia vioo.