Ukiumwa Sonona na Sala Haitoki

Nawaandikia hasa Wakristo wenzangu wa huku kwetu Masasi, Ndanda, Newala hadi Nachingwea, mnaoumwa sonona, ule ugonjwa unaomwondolea mtu furaha na nguvu, na mnaoamini mmepoteza imani kwa sababu sala haitoki tena. Nimepita hapo. Nimepona, bado ni muumini, na nina mambo ya kuwaambia.

Sonona iliponishika sikuwa na msiba wala deni. Hilo ndilo lililowasumbua ndugu zangu: walitafuta sababu, wakaikosa. Ilianzia kwenye usingizi. Nilikuwa nazinduka saa tisa usiku na kukaa macho mpaka kunakucha. Baadaye chakula kikakosa ladha. Kisha msimu wa korosho ukaingia, wakati ambao huku kwetu hata mtoto mdogo yumo shambani anaokota, na mimi nikawa nashinda barazani nikiangalia mikorosho yangu. Korosho zimetapakaa chini, mabibo yamechacha, nzi wamejaa, na mwili hauniruhusu kuinama kuokota hata moja. Majirani wakasema ni uvivu. Wengine wakasema nimerogwa.

Kilichoniuma kuliko maneno ya watu ni hatia. Niliungama dhambi zile zile, nikaondolewa, nikarudi tena kuziungama kana kwamba sijawahi kusamehewa. Padri mmoja mzee akaniambia, "Mwanangu, hizi Mungu alishazisamehe. Kinachokwambia hujasamehewa ni ugonjwa. Nenda hospitali, ukitoka huko njoo tuzungumze." Namshukuru Mungu kwa ajili ya padri yule, na natamani mapadri na wachungaji wote wawe na ujasiri wa kusema hivyo. Kujihukumu kupita kiasi ni dalili ya sonona sawasawa na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kuchoka bila kazi na kutofurahia hata ulivyokuwa ukivipenda. Hali ya namna hiyo ikidumu wiki mbili, usingoje, nenda ukaonane na daktari.

Wapo wanaoona kumeza vidonge ni kumdharau Mungu. Wasome Yoshua bin Sira sura ya 38: Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini, na mwenye akili hazidharau. Sura hiyo hiyo inamwagiza mgonjwa asali, halafu ampe tabibu nafasi yake. Na wenzetu ambao Biblia zenu hazina kitabu hicho, mkumbuke kwamba Paulo anapowaandikia Wakolosai anamtaja Luka kuwa tabibu mpendwa.

Daktari alinieleza jambo ambalo kila mgonjwa angepaswa kuelezwa siku ya kwanza. Dawa za sonona hazitulizi papo hapo kama dawa ya kichwa. Mara nyingi hupita wiki mbili hadi sita ndipo uone tofauti, na mdomo kukauka au kichefuchefu vinaweza kutangulia kabla ya nafuu yenyewe. Ukishapata nafuu unaendelea kumeza kwa miezi, na ukifika wakati wa kuacha, daktari anakupunguzia taratibu. Kuna wanaoacha wiki ya pili wakisema hazifai, na kuna wanaoacha baada ya mkesha wa maombi kwa sababu wameshatangaza kwamba wamepona. Nakusihi ndugu yangu, toa ushuhuda wako na dawa uendelee nazo.

Ni katika zile wiki za kungoja ndipo imani iliponibeba. Sala ya maneno yangu mwenyewe ilikuwa haiwezekani, kwa hiyo nilisali maneno ya wengine. Zaburi ya 88, ambayo baadhi ya Biblia huihesabu kuwa ya 87, niliisoma mpaka ukurasa ukalegea. Mwenye zaburi hiyo analia mchana na usiku, hajibiwi, na wimbo wake unaishia gizani. Zaburi nyingine za maombolezo kwa kawaida humalizia na shukrani au tumaini. Hii haina. Lakini Kanisa halikuiondoa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya wamonaki ulioandikwa katika karne ya 6, inaagiza zaburi zote 150 zisaliwe ndani ya juma moja, na hiyo ya 88 imepangiwa alfajiri ya Alhamisi. Wamonaki Wabenedikto wa Ndanda wanaishi chini ya Kanuni hiyo, hapa hapa kwetu, tangu mwaka 1906, walipoanza upya baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika vita vya Majimaji. Kujua hayo kulinipa nguvu ambayo hakuna mahubiri ya ushindi yaliyowahi kunipa. Kilio kama changu kilikuwa kimetengewa siku yake katika sala za Kanisa. Na mtu yule wa zaburi, pamoja na giza lake lote, bado anamwambia Mungu "wewe". Hiyo ni imani.

Kwa hiyo ukiwa hali hiyo chukua kidogo. Zaburi moja inatosha kwa siku. Tendo moja la Rozari linatosha, na ulimi ukichoka shika shanga tu. Usijiongezee novena, na kufunga acha kwanza: mgonjwa asiyekula vizuri hadaiwi mfungo na Kanisa, hata Kwaresima.

Sasa nawageukia wanajumuiya. Jumamosi moja wanawake wa jumuiya yetu walikuja na ndoo zao. Mwenyekiti, mama mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, wewe kaa hapo hapo." Wakaingia shambani, wakaokota, wakakaa chini ya mkorosho kunyofoa korosho kwenye mabibo huku wakizungumza habari zao, wakazianika jamvini, wakasali Baba Yetu, wakaaga. Korosho zangu za msimu ule zilifika ghalani kwa mikono yao. Baadaye nilisoma tena Marko sura ya 2, yule mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne. Imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Imani iliyotajwa pale ni ya wale waliombeba.

Kwa hiyo mkienda kumwona mgonjwa wa sonona, nendeni wachache. Msimwambie aongeze imani. Fueni nguo, tekeni maji, mmoja wenu ampeleke kliniki tarehe yake ikifika na kumlipia bodaboda. Na dawa za kupulizia mikorosho zitoke katika nyumba anayolala, asije akajidhuru nazo, zikatunzwe kwa jirani au ndugu mpaka daktari aridhike na hali yake. Wenye mashamba mnajua zinavyowekwa hovyo uvunguni.

Msiogope pia kumuuliza wazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, na wengi huwa wanangoja mtu wa kuwauliza. Mimi niliulizwa na wifi yangu, jikoni, akiwa anachambua mchele, nikamjibu ukweli. Mgonjwa akikubali kwamba anawaza hivyo, asiachwe peke yake hata kidogo. Mpelekeni hospitali siku ile ile, na kama ni usiku, usiku ule ule, na maombi myafanyie njiani.