Maswali Yenu: Una Milioni 13, Gari ni la Milioni 12

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Kwa miaka minne nimeweka akiba katika SACCOS ya walimu, na sasa, nikijumlisha na mkopo mdogo, nina shilingi milioni 13. Nimepata Toyota IST ya mwaka 2005 jijini Dar es Salaam na tumekubaliana milioni 12. Mwenye gari anashauri tuandike kwenye mkataba kwamba ameniuzia kwa milioni 6 ili ushuru upungue. Wakala wa bima aliyeletwa na dalali naye ananishauri nikate bima kubwa kwa thamani hiyohiyo ya milioni 6, kwa kuwa fedha ya bima hairudi. Mdogo wangu angependa kulitumia jioni kwa teksi mtandao ili lisaidie kulipa mkopo. Je, milioni moja inayobaki itatosha, na je, niwasikilize hawa wawili? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, nakushukuru kwa kuandika kabla ya kulipa, kwa sababu barua nyingi za namna hii hutufikia fedha zikiwa zimekwisha kutoka.

Tuanze na hesabu. Kuhamisha umiliki wa gari la milioni 12 kupitia TRA kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei ya mauziano, yaani shilingi 120,000, pamoja na ada ya uhamisho ya 50,000 na kadi mpya 10,000, jumla 180,000. Bima kubwa ya gari binafsi kwa kawaida hukokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, ambayo kwako ni 420,000, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18, hivyo utalipa 495,600. Ukitoa mafungu hayo mawili katika ile milioni moja unabaki na 324,400, na hapo bado hujamlipa wakili atakayeshuhudia mkataba, hujampa dalali chake, hujamwita fundi, na hujaweka mafuta ya kulifikisha gari Morogoro. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba haitoshi.

Fundi ndiye anayesahaulika zaidi, na gari la umri huo humhitaji tangu wiki ya kwanza. Mpeleke fundi unayemchagua wewe, asiwe wa dalali, na umwombe aliwashe gari asubuhi injini ikiwa ya baridi, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto kabla hujafika huficha mlio na moshi ambao ungekuonya. Alikague chini, atazame shokapu, bushi na mikono ya usukani, na aangalie kama mafuta ya gia boksi yamekuwa meusi na yananuka kuungua. Tairi uzikague mwenyewe. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi inaweza kuwa na meno marefu na ya kupendeza huku mpira wake ukiwa umekakamaa kwa uzee, nawe barabara yako ni ile ya Dar es Salaam hadi Morogoro, yenye malori usiku na mchana. Tairi nne zikihitaji kubadilishwa, gharama yake ijadiliwe kabla ya kufunga bei, kwa maana baada ya kufunga bei ni mzigo wako peke yako.

Kuna madeni pia, na haya hufuata namba ya gari. Faini za trafiki ambazo hazijalipwa huonekana katika mfumo wa polisi kwa kuingiza namba ya usajili, na ada za maegesho ya barabarani nazo hudaiwa kwa namba hiyohiyo. Huhitaji ruhusa ya mtu kuangalia: angalia siku ile ile unayokwenda kulipa, wala usitegemee picha ya simu iliyopigwa wiki iliyopita. Kadi ya gari uione yenyewe, wala si nakala, na ulinganishe namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Ukiambiwa kadi iko benki, maana yake gari ni dhamana ya mkopo, na hapo usitoe hata shilingi ya kishika bei mpaka benki yenyewe ikuthibitishie kwamba deni limefutwa.

Sasa nije kwenye ushauri wa hawa wawili, ambao umenisumbua moyo kuliko yote uliyoandika. Kuandika milioni 6 badala ya 12 kunaokoa shilingi 60,000 za ushuru wa stempu. Kwanza ni kuidanganya serikali kwa maandishi yenye sahihi yako. Pili, ikigundulika baadaye kwamba gari lina kesi, au muuzaji hakuwa na haki ya kuliuza, mkataba utakaoubeba mahakamani unasema ulilipa milioni 6. Nusu ya akiba yako ya miaka minne utakuwa umeifuta kwa mkono wako, na muuzaji hatakuwa na sababu ya kukukumbusha.

Kwenye bima hasara ni kubwa zaidi, na ni hapa wanunuzi wengi huumia bila kuelewa walichokosea. Ukikata bima kwa milioni 6 utaokoa 247,800 pamoja na VAT. Mikataba mingi ya bima, hata hivyo, ina kipengele kinachosema kwamba mali iliyokatiwa bima chini ya thamani yake italipwa kwa uwiano huohuo. Tuseme umegongwa na mtu akakimbia, na matengenezo yamekadiriwa kuwa milioni 3. Kampuni itasema kwamba ulilinda nusu ya gari, kwa hiyo inalipa nusu ya hasara, yaani milioni 1.5. Baada ya hapo itakata sehemu ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe kwa kila dai; ikiwa mkataba wako unataja asilimia 10, zitaondoka 150,000, nawe utapokea 1,350,000 na kutafuta 1,650,000 mfukoni. Gari likiibwa, hutapata zaidi ya milioni 6. Na usidhani kwamba kutaja thamani kubwa kupita kiasi ndiyo njia ya kujilinda: ukiandika milioni 15 utalipa ada ya bima iliyokokotolewa kwa milioni 15, lakini siku ya hasara utalipwa thamani ya soko ya gari lako kama ilivyokuwa kabla ya ajali.

Kwa hiyo omba gari likaguliwe na mthamini, uandike thamani yake halisi, na kila mwaka unapohuisha bima uishushe kadiri gari linavyochakaa. Kabla ya kusaini, soma kiasi utakachobeba mwenyewe kwa ajali, kwa wizi na kwa vioo, na uulize kama kiasi hicho huongezeka dereva akiwa kijana au mwenye leseni mpya. Swali hili la mwisho linamgusa mdogo wako. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halina kinga linapobeba abiria wa kulipa. Akigongwa saa mbili usiku akiwa na abiria wa teksi mtandao, kampuni ina haki ya kukataa dai zima, hata kama kosa si lake. Ikiwa kweli mnataka gari lifanye biashara, kateni bima ya biashara tangu siku ya kwanza na mfuate masharti ya leseni ya usafirishaji. Ada ni kubwa zaidi, na ni afadhali muijue sasa.

Ningekuwa mimi, ningerudi kwa muuzaji na kumwambia nina milioni 11, au ningetafuta gari jingine la bei hiyo. Kwa milioni 11, uhamisho ni 170,000 na bima kubwa ni 454,300, nawe unabaki na shilingi 1,375,700 za wakili, fundi na tairi. Kwa gari la umri huo, akiba hiyo itakusaidia zaidi kuliko rangi iliyong'arishwa.

SWALI: Nimeona gari kwenye tovuti ya wauzaji wa Japani, bei dola 1,900 ikiwa ni pamoja na usafiri wa meli hadi bandari ya Dar es Salaam. Lina umri wa zaidi ya miaka 10 na injini ya cc 1,300. Kwa nini rafiki yangu ananiambia kodi itazidi bei ya gari? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Rafiki yako amesema kweli. TRA haihesabu kodi kwa bei uliyolipa bali kwa thamani iliyomo katika mfumo wake wa kukadiria magari yaliyotumika, ambao unaweza kuufungua kwenye tovuti yao na kuingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini. Tuseme mfumo unalikadiria gari lako kuwa na thamani ya dola 3,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 750. Kwenye jumla ya dola 3,750 huongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huo, dola 187.50, na ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, dola 1,125. VAT ya asilimia 18 huja juu ya vyote hivyo, dola 911.25. Jumla ni kama dola 2,974, kabla ya tozo ya reli, ada za forodha na usajili. Hapo ongeza gharama za bandari, za wakala wa meli na za wakala wa forodha, na kumbuka kwamba gari likikaa bandarini kupita siku za bure utalipia hifadhi kila siku. Viwango hivi hubadilishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka, hivyo fanya hesabu upya wiki unayoagiza.

Bei ya chini kule Japani ina sababu yake. Gari la abiria hukaguliwa kwa lazima ya serikali mara ya kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama, hivyo wamiliki wengi huona heri kuuza. Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari iliyoandikwa lilipopelekwa mnadani kule Japani. Ukikuta daraja lililoandikwa R au RA, ujue gari lilipata ajali likatengenezwa.

SWALI: Nimenunua gari mwezi uliopita na bima ya aliyeniuzia bado ina miezi saba. Je, naweza kuitumia mpaka iishe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usiitegemee hata kesho. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mtu, na mtu huyo akishauza gari hana tena cha kulinda. Shemeji yangu aliendesha gari kwa miezi mitatu kwa stika ya muuzaji, akaligonga ukuta wa mtu, na kampuni ikamjibu kwa barua ya mistari minne kwamba haimtambui. Ukuta aliujenga kwa fedha yake, na gari likakaa gereji hadi mwaka ulipokwisha. Nilikuwepo siku alipoifungua barua ile.

Nenda na muuzaji kwenye kampuni iliyotoa bima, mwombe aifute ili arejeshewe ada ya miezi iliyobaki kadiri mkataba unavyoruhusu, au kampuni ikubali kwa maandishi kuihamishia kwako. Ikishindikana, kata bima ya mtu wa tatu leo leo; kwa gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT, nayo ni lazima kisheria, ingawa haitalipa chochote kwa gari lako mwenyewe. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima nchini, uone kama bima yako imo, kwa sababu karatasi uliyopewa inaweza kuwa ya kughushi. Siku utakayokuwa na dai halali nalo likakataliwa, peleka malalamiko yako Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na mkataba, risiti na taarifa ya polisi mkononi.