Hela ya utafiti kwa mkunga anayeanza ipo?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mkunga, mwaka wa saba huu niko leba, na masta nimeshamaliza. Kuna kitu kinaninyima usingizi, kina mama wanaletwa kwetu kwa rufaa wameshavuja damu hadi wamepauka, ukisoma karatasi imeandikwa "damu kiasi". Nataka nifanye utafiti juu ya hilo ila kila granti ninayofungua inataka PhD na machapisho, nimeomba mbili zote wamenikatalia. Au mpaka daktari aweke jina lake mbele ndo tupewe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo "damu kiasi" ni swali zuri kuliko mengi ninayoletewa humu. Si unakumbuka ule utafiti wa E-MOTIVE wa kuvuja damu baada ya kujifungua, matokeo yake yalitoka 2023, hospitali 80 kwenye nchi nne za Afrika, baadhi wakaacha kukadiria kwa macho wakatumia mfuko wenye vipimo unaowekwa chini ya mama, halafu ikigundulika damu ni nyingi matibabu yote yanatolewa kwa mpigo, na madhara makubwa ya kuvuja damu yakapungua kwa asilimia 60 ukilinganisha na hospitali zilizobaki na utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo usiseme jambo lako ni dogo.

Ila nahisi umeomba hela ya kumaliza wakati wewe unahitaji ya kuanzia. Hizo granti kubwa zinataka mtu mwenye takwimu za awali, na za awali zinapatikana kwa ruzuku ndogo: chama chenu cha wakunga, chuo ulichosomea, mfuko wa utafiti wa hospitali kama upo, au mradi mkubwa wa mtu mwingine wenye nafasi ya mwanafunzi wa PhD, hiyo ya mwisho watu wanaisahau sana. Uingereza kwa mfano NIHR, taasisi yao ya taifa ya utafiti wa afya, wana ufadhili wa kabla ya PhD ambao wakunga wanaruhusiwa kuomba, na unalipia mshahara wako ili upate muda wa kujifunza.

Na muda ndo penyewe. Bajeti za wakunga nyingi nilizopitia zina laptopu, kinasa sauti, nauli za washiriki, basi, mwenyewe hayumo! Utafanya saa ngapi sasa, baada ya zamu ya usiku? Mahojiano ya saa moja tu, kuyaandika yote neno kwa neno kunakula saa nne au zaidi. Weka hela ya mtu wa kukushikia zamu, andika kabisa siku ngapi kwa wiki, na mkuu wako wa wodi asaini.

Daktari mchukue kama mshauri, na mtu wa takwimu pia mtafute mapema sio siku ya deadlaini, ila mtafiti mkuu uwe wewe na mkubaliane kwa maandishi nani jina la kwanza kwenye chapisho, kabla hela haijaingia maana ikishaingia kila mtu anakumbuka kwamba wazo lilikuwa lake.

Wale wa granti mbili waliokukatalia, waandikie uombe maoni ya waliopitia andiko lako, wengine wanatoa. Na karatasi za rufaa zilizoko kwenye droo yako usianze kuzihesabu kwa utafiti kabla kamati ya maadili haijakupa kibali.